Vipimo vya ini vimepanda baada ya mbio ndefu, nimeuziwa vitamini E ya 400 IU. Nimeze?

MwalimuMbio

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, umri miaka 41. Nilianza kukimbia ili kupunguza kitambi, mazoezi yakanoga, na sasa najiandaa kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon badala ya zile 21 nilizozoea.

Jumamosi iliyopita nilikimbia kilomita 30, nikapanda barabara ya Mweka na kuteremka nayo hadi miguu ikagoma. Jumatatu nikaenda kupima afya kwa mambo ya bima, na katika damu waliyochukua wakapima na ini. Majibu yakaja AST 96 na ALT 58, na pembeni pameandikwa mwisho ni 40. Bilirubini, ile rangi ya manjano inayosafishwa na ini, iko sawa. Pombe sigusi, na chanjo ya homa ya ini nilipata.

Aliyenisomea majibu alisema ini limechoka. Kwamba mazoezi mazito yanazalisha sumu inayounguza ini, moyo na figo, na kinga yake ni vitamini E. Nikauziwa kopo la kapsuli za 400 IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini), nimeze mbili kila siku mpaka siku ya mbio. Bei yake, kwa mshahara wa mwalimu, inauma.

Nimejaribu kusoma mwenyewe. Naona kweli wapo wanasayansi wanaosema mazoezi huongeza kitu kiitwacho radikali huru ndani ya viungo, na wapo wanaosema vitamini E hukizuia. Wengine wanasema usiguse kabisa. Nimebaki njia panda na kopo mkononi, sijalifungua. Naomba anayejua anieleze kama mbio zinaniharibia viungo vya ndani, na kama hizi kapsuli zitanisaidia au ni hela ya bure.

Nyongeza, msije mkaniuliza: sina presha wala sukari. Dawa pekee ninayotumia ni diclofenac, kidonge kimoja asubuhi ya mbio ndefu, kwa sababu ya goti la kushoto.

Chuma_Arusha

Mwalimu, meza tu ndugu yangu. Vitamini haina madhara, ziada yote inatoka na mkojo. Gym kwetu karibu kila mtu anatumia E na C, na ngozi inang'aa juu.

MamaAlizeti

Mwalimu, pole kwa hofu na hongera kwa kilomita 30. Mimi ni mstaafu wa kazi ya lishe hospitalini, na nilizaliwa Singida, nyumbani kwenye mashine ya kukamua alizeti ya baba yangu, kwa hiyo vitamini E naijua kutoka shambani na kutoka kwenye vitabu. Nitaandika kirefu, unisamehe. Jambo hili linaniuma. Mtu anaufanyia mwili wake jambo jema, anatishwa, halafu anauziwa dawa ya kile kitisho.

Kwanza hiyo karatasi ya maabara, maana mambo yote yalianzia hapo. AST na ALT ni vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi ndani ya seli. AST haiko kwenye ini peke yake. Imejaa kwenye misuli, na kwenye moyo imo. ALT nayo imo kwenye misuli, ingawa kidogo zaidi. Ukikimbia kilomita 30 zenye mlima, na hasa ukiteremka, misuli ya mapaja inafanya kazi huku inavutwa, na nyuzi zake hupata michubuko midogomidogo. Vimeng'enya vilivyokuwa ndani ya nyuzi hizo humwagika kwenye damu. Maabara inaviona. Haiwezi kujua vimetoka wapi.

Tazama namba zako vizuri: AST imeipita ALT kwa mbali, bilirubini imetulia, pombe hunywi, na damu ilichukuliwa siku ya pili baada ya kupanda na kushuka Mweka. Mimi hapo naona mapaja kabla sijaona ini. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2008 jaribio walilowafanyia wanaume wenye afya njema ambao hawakuzoea vyuma. Waliwanyanyulisha vyuma kwa saa moja tu, wakawa wanawapima damu. AST na ALT zilipanda na zilikuwa bado juu siku 7 baadaye. Bilirubini haikusogea, wala GGT, ambayo ni kimeng'enya cha ini kisichotoka kwenye misuli. Fikiria, saa moja ya vyuma, wiki nzima ya majibu ya kutisha.

Kwa hiyo kabla hujafungua kopo: pumzika mazoezi mazito wiki nzima, tembea tu. Halafu rudi upime AST na ALT tena, uombe waongeze GGT na CK. CK ni kipimo cha misuli. Kama AST na ALT zimeshuka na GGT iko sawa, umepata jibu lako. Zikibaki juu, muone daktari akutafutie sababu, na apime hepatitisi (homa ya ini) B na C hata kama ulichanjwa, kwa sababu chanjo tuliyo nayo ni ya B. Na ukiona mkojo wa kahawia iliyokolea baada ya mbio, usingoje wiki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa hiyo "sumu". Haikutungwa dukani, ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inawashika watu. Katika kila seli tuna mitokondria, ambamo chakula na oksijeni hukutana ili tupate nguvu. Kazi inapokuwa kubwa, sehemu ndogo ya oksijeni hutoroka kabla ya kumaliza safari yake, kama cheche zinazoruka kutoka kwenye jiko la mkaa linalopepewa. Hizo ndizo radikali huru. Utando unaozunguka seli umejengwa kwa mafuta, na radikali ikiyagusa mafuta hayo huyaharibu kwa mfululizo, molekuli moja inaiharibu ya jirani. Vitamini E inakaa humo humo ndani ya utando. Inaipa radikali kile inachokitafuta, na mfululizo unakatika. Kisha vitamini C huirudisha vitamini E katika hali yake ili ifanye kazi tena.

Viungo havipati mzigo kwa namna moja. Misuli inatumia oksijeni mara nyingi zaidi ya ilipokuwa imepumzika. Moyo umejaa mitokondria na haujui likizo. Ini, figo na utumbo wenyewe havikimbii, lakini ukiwa mbioni damu yake hupunguzwa ili iende miguuni na kwenye ngozi, na ukisimama inarudi kwa kasi. Kule kupungukiwa na kisha kufurikwa na oksijeni ni chanzo kingine cha radikali. Kwa hiyo swali lako la viungo vya ndani ni swali zuri, na aliyekuambia habari za ini, moyo na figo alikuwa ameshika kipande cha kweli.

Kipande hicho kina historia. Mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop wa chuo kikuu cha California, Berkeley, waliona panya wanashika mimba lakini mimba haziendelei, kwa sababu chakula chao kilikosa kitu kilichomo kwenye majani mabichi na kwenye kiini cha ngano. Kitu hicho ndicho vitamini E. Miaka 60 baadaye, hapo hapo Berkeley, Kelvin Davies, Lester Packer na wenzao waliwakimbiza panya hadi wakachoka kabisa, wakapima misuli na ini. Radikali ziliongezeka mara mbili hadi tatu. Panya walionyimwa vitamini E walichoka mapema, uwezo wao wa kuhimili mbio ulikuwa chini kwa asilimia 40, na hata kabla ya kukimbia viungo vyao vilionekana kama vya panya wenzao waliokwisha choka.

Wauza kapsuli huwa wanaishia hapo. Mimi naomba tusome hadi mwisho, kwa sababu ripoti ileile ya 1982 ilipendekeza kwamba huenda uharibifu ule mdogo ndio unaouambia mwili uongeze mitokondria. Yaani cheche ni habari pia. Mwili unaozisikia mara kwa mara hujenga kinga yake wenyewe: vimeng'enya kama superoksidi dismutezi, katalezi na glutathioni peroksidezi huongezeka kwa mtu anayefanya mazoezi kwa mpangilio. Hiyo ndiyo kinga uliyoijenga tangu siku ulipoanza kukimbiza kitambi, na haiuzwi.

Je, ukizima cheche zote? Mwaka 2009 kundi la Michael Ristow huko Jena, Ujerumani, liliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki 4. Baadhi walipewa vitamini C miligramu 1000 na vitamini E 400 IU kila siku, wengine hawakupewa. Wasiopewa walipata faida tunayoitarajia, insulini yao, homoni inayoshusha sukari ya damu, ikafanya kazi vizuri zaidi, na kinga yao ya ndani ikapanda. Waliopewa vitamini hawakuipata. Ulianza kukimbia kwa sababu ya kitambi, Mwalimu. Faida hiyo ya insulini ni moja ya sababu kubwa za mtu mwenye kitambi kukimbia, na hawa walijitolea jasho wakaikosa.

Mwaka 2014 Wanorwe nao walijaribu kwa wiki 11, watu 54, vitamini C miligramu 1000 na E miligramu 235. Alama za kuongezeka kwa mitokondria kwenye misuli zilipanda kwa wale tu ambao hawakumeza vitamini. Nitakuwa mkweli hapa: uwezo wa kukimbia uliongezeka sawasawa kwa makundi yote mawili. Kwa hiyo sikuambii kapsuli zitakufanya ushindwe mbio. Nakuambia hazikuongezei kitu miguuni, na ndani ya misuli zinapunguza kitu ulichokitolea jasho.

Na dozi yako, mbili za 400, ambazo ni 800 IU kwa siku? Dozi hiyohiyo ilipelekwa kwenye mashindano ya dunia ya triathloni huko Kona, Hawaii, ambako watu huogelea kilomita 3.8, wanaendesha baiskeli 180, halafu wanakimbia marathoni. David Nieman na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2004. Wanamichezo walimeza 800 IU kwa miezi miwili kabla ya shindano, wengine wakameza kapsuli isiyo na dawa. Baada ya shindano alama ya mafuta yaliyoharibiwa na radikali ilipanda kwa asilimia 181 kwa waliomeza vitamini E, na asilimia 97 kwa wenzao. Soma tena hiyo sentensi. Uharibifu ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliojikinga. Vitamini E ikishapokea radikali, yenyewe inabaki nusu radikali mpaka irejeshwe, na ukiijaza kupita kiasi unaweza kugeuza mlinzi kuwa mhalifu.

Wewe uliyeandika kwamba ziada inatoka na mkojo, hiyo ni tabia ya vitamini zinazoyeyuka kwenye maji, kama C. Vitamini E inayeyuka kwenye mafuta, na sehemu kubwa ya akiba yake mwilini imo kwenye mafuta ya mwili.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Angalia kopo lako: likiandikwa "dl-alpha" ni ya kiwandani, na 400 IU yake ni miligramu 180. Likiandikwa "d-alpha" inatokana na mimea, na 400 IU ni miligramu 268. Kwa vyovyote kapsuli mbili zinakupa zaidi ya mara 20 ya unachohitaji.

Unachohitaji kipo jikoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina miligramu 5 na nusu hivi. Weka viwili kwenye mboga yako ya siku, tayari una 11. Konzi ya karanga inaongeza mbili na zaidi kidogo, nusu ya parachichi la Kibosho nyingine mbili. Umefika 15 bila kuingia dukani, na bado hujahesabu mchicha. Mafuta ya nazi, kwa mnaopika Kitanga, yana vitamini E kidogo mno, na korosho vilevile, watu hushangaa. Mawese mekundu ya Kigoma ni mazuri. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi kutwa nzima msiyahesabu, moto umekwisha kuila sehemu kubwa ya vitamini.

Halafu hiyo diclofenac. Nitairudia kesho, mwanangu, nimeitwa mezani. Ila kwa sasa usiimeze tena kabla ya mbio.

MwalimuMbio

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mke wangu. Nimeshusha pumzi kwa habari ya AST, sikuwahi kuambiwa kwamba misuli nayo inaitoa. Wiki hii napumzika kama ulivyosema.

Ila nakuja na swali: kama panya walionyimwa vitamini E waliharibika ini, nitajuaje kwamba mimi sina upungufu? Na hiyo diclofenac imekosa nini? Goti likiuma sitamaliza hata kilomita 15.

MfamasiaKaloleni

Mama amesema vizuri, naomba nichangie upande wa dawa.

Mwalimu, upungufu wa kweli wa vitamini E kwa mtu mzima mwenye afya anayekula kawaida ni nadra sana. Unawapata watu ambao utumbo wao haunyonyi mafuta, wenye magonjwa sugu ya nyongo au kongosho, na wachache waliozaliwa na kasoro kwenye protini ya ini inayoigawa vitamini hii. Dalili zake huonekana kwenye mishipa ya fahamu: ganzi, kuyumba unapotembea, misuli kulegea. Mtu anayepanda Mweka kwa mbio hafanani na maelezo hayo.

Kuhusu ini, nisiache kusema kwamba vitamini E ina nafasi yake kwenye tiba. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu wenye ini lenye mafuta na uvimbe, ugonjwa uliothibitishwa kwa kukata kipande cha ini na kukipima, na wasio na kisukari. Walipewa 800 IU ya asili ya mimea kwa wiki 96. Asilimia 43 ya waliomeza walipata nafuu iliyolengwa, dhidi ya 19 ya wasiomeza. Pengine ndipo aliyekuuzia alipoipata ile dozi. Lakini ule ni ugonjwa uliothibitishwa na wagonjwa walikuwa chini ya daktari. AST ya siku ya pili baada ya mbio haithibitishi ugonjwa wowote.

Na kwa mwanamume wa miaka 41 lipo la kuangalia. Jaribio kubwa la Marekani lililoshirikisha wanaume zaidi ya 35,000 lilitumia 400 IU kila siku, likitarajia kupunguza saratani ya tezi dume. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yalionyesha saratani hiyo iliongezeka kwa asilimia 17 kwa waliomeza vitamini E peke yake. Mimi dukani kwangu mteja mzima wa afya akiniuliza 400 IU ya kila siku, namuuliza kwanza ni ya nini, na mara nyingi tunaishia kuongea habari za chakula.

Diclofenac sasa. Figo zina mishipa midogo inayobaki wazi kwa msaada wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Mbioni damu ya figo imeshapungua, jasho limekutoka, prostaglandini ndizo zinazoshikilia hali. Diclofenac na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kuzuia prostaglandini hizohizo. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la wakimbiaji wa kilomita 80. Waliopewa ibuprofeni, miligramu 400 kila baada ya saa 4, asilimia 52 walionyesha jeraha la ghafla la figo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 34. Ukitaka kulinda kiungo cha ndani siku ya mbio, anzia kwenye figo, na ulinzi wake ni kuacha kidonge hicho.

MamaAlizeti

Ahsante mfamasia, umenipunguzia kazi. Marahaba Mwalimu.

Nakubaliana na ya ini lenye mafuta, na nashukuru umeisema, kwa sababu Mwalimu alikuwa na kitambi na huenda akaja kuambiwa hivyo baadaye. Hata hivyo kwa ini la namna hiyo tiba ya kwanza ni kupunguza uzito na kuendelea na mazoezi. Asije mtu akamwachisha mbio kwa ajili ya ini! Mbio ni sehemu ya dawa yake.

Na moyo, kwa kuwa uliuuliza. Baada ya marathoni kipimo cha troponini, kile wanachotumia kugundua shambulio la moyo, hupanda kwa wakimbiaji wengi wenye afya, kisha hushuka ndani ya siku chache. Nalitaja ili mtu asije akapimwa kesho yake ya mbio, akatishwa upya na kuuziwa kopo la pili. Maumivu ya kifua ukiwa unakimbia, au kuzimia, ni jambo jingine kabisa. Hapo unasimama na kutafuta daktari, mbio zitakuwepo mwakani.

Goti lipeleke kwa mtaalamu wa viungo, Moshi wapo. Goti linalohitaji diclofenac kila mbio ndefu linakuomba kitu, na kidonge kinalinyamazisha tu. Punguza mteremko kwanza, ukimbie tambarare za barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC mpaka litulie. Maji kunywa kwa kiu, usijilazimishe malita, maana maji kupita kiasi yanashusha sodiamu ya damu na watu wamekufa kwa hilo kwenye marathoni.

GuideMarangu

Mama, mimi napandisha wageni mlimani, na wageni wengine huja na vitamini E wakisema ni ya hewa nyembamba. Je, huko juu hesabu inabadilika?

MamaAlizeti

Swali lako lina msingi. Hewa nyembamba na mionzi mikali ya jua huongeza mzigo wa radikali. Mwaka 1988 lilichapishwa jaribio la wapanda milima wachache waliokaa juu sana wakimeza miligramu 400 za vitamini E kwa siku. Pumzi zao zilipimwa gesi iitwayo penteni, ambayo hutokana na mafuta ya mwili yaliyoharibika, na kwa waliomeza haikuongezeka kama kwa wenzao. Ni kikundi kidogo, na jambo hilo halijawa pendekezo la kawaida kwa wapandaji. Mgeni mwenye afya akija na kapsuli zake kwa wiki moja usigombane naye. Ila asije akazitegemea akaacha kupanda polepole, na kichwa kikimuuma na kutapika, mteremshe. Hilo unalijua kuliko mimi.

Wewe na wapagazi wako shughulikieni chakula. Nimewaona vijana wanapanda na ugali mkavu na chai. Karanga ni nyepesi kubeba, zina nguvu, zina vitamini E. Wekeni kwenye kila mfuko.

Chuma_Arusha

Mama nimekusoma. Mimi si mkimbiaji, nanyanyua vyuma. Yanahusu na kwetu?

MamaAlizeti

Yanahusu mwanangu. Kuhusu AST yanakuhusu kuliko hata Mwalimu, maana lile jaribio la Sweden lilikuwa la vyuma. Ukienda kupima ini, mwambie daktari umenyanyua lini. Kuhusu vitamini, misuli yako nayo hukua kwa kusikia mzigo. Kula mayai, maharage, samaki, pikia alizeti. Alphonce Simbu wetu wa Singida alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, na siwezi kudai ni alizeti iliyompa, ila moyo wangu siku ile ulikuwa mkubwa kuliko uwanja.

MwalimuMbio

Kopo nimelirudisha, wamekataa kurejesha hela lakini wamenipa bandeji na jeli ya goti. Fizio nimepata nafasi wiki ijayo. Damu nitapima tena na GGT na CK kama mlivyosema, nitaleta majibu hapa.

BintiWaSame

Samahani naingia kwa kuchelewa. Baba yangu ana miaka 68, anatembea kila asubuhi, na anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu alipopata damu kuganda mguuni. Dada yangu wa Dubai amemletea vitamini E 1000 IU "ya moyo". Ameanza juzi. Je, kwa mtu wa kutembea tu ina tatizo?

MfamasiaKaloleni

Dada, aiache leo. Vitamini E kwa dozi kubwa hudhoofisha kuganda kwa damu, na ikikutana na warfarini hatari ya kuvuja damu inaongezeka. Wasiliana na kliniki inayompa warfarini kesho asubuhi, waeleze dozi na siku alizomeza, waulize kama INR, kipimo cha muda damu inachukua kuganda, ipimwe mapema kabla ya tarehe yake. Warfarini yenyewe asiikatishe wala asibadilishe kipimo bila wao. Akitoka damu puani au kwenye fizi isiyokoma, akipata choo cheusi, au kichwa kikimuuma ghafla kuliko kawaida, mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi. Kutembea aendelee.